Gari Halina Plagi

Makere, 14 Novemba 1976

Mvua imeanza kweli, si yale manyunyu ya wiki jana yaliyowadanganya wakulima. Darasa langu la kisomo leo lilikuwa na mwanafunzi mmoja, na yeye alikuja kujikinga tu. Wengine wote wako shambani wanapanda maharage. Nani ataacha mbegu aje kuandika a, e, i? Nimekaa na chaki yangu mpaka nikaona haya, nikaamua afadhali niandike mambo ya msimu huu wa mvua, mkono usije ukasahau kazi.

Habari kubwa ni gari. Shemeji Isihaka ametuletea plagi mpya nne kutoka Kigoma, na mvua ilipokatika mume wangu Gharibu amezifunga mwenyewe hapa uani. Gari lenyewe ni Moris ya marehemu baba mkwe, ile yenye mbao nyuma na milango miwili inayofunguka kama kabati. Ni mali ya urithi. Ndugu wote wana haki nayo, ila Gharibu ndiye aliyekabidhiwa kuitunza, na Isihaka amesema wazi kwamba mvua zikiisha watakuja kuikagua. Wakiikuta mbovu watairudisha Ujiji.

Gharibu alitandika jamvi. Kabla ya kuchomoa waya wowote alifunga uzi juu yake, kila waya na rangi yake, maana zikibadilishana gari litakohoa badala ya kuwaka. Akafuta vumbi kuzunguka kila plagi lisije likaingia tunduni, akazifungua kwa spana. Zile za zamani zilikuwa nyeusi kwa masizi na zimelika ncha. Mpya alizipima mwanya kwa kipande cha msumeno wa chuma, akazizungusha kwa vidole mpaka zikakaza, kisha spana kidogo tu. Mimi nilikuwa mshika sinia la plagi na spana. Ilipowaka kwa mara ya kwanza nilijiona mke wa mkuu wa wilaya.

Watu walijaa kutazama. Aliyekaa mpaka mwisho ni Melkiadi, jirani yetu wa ng'ambo ya barabara. Mzee huyu ni mtu mwema, ila salamu zake zinachosha. Anapiga makofi polepole, anasema amahoro, yaani amani, anauliza nyumba, mtoto, kuku, mpaka muhogo jikoni. Akimaliza kusalimu, mboga yangu imeshaungua. Sisi wa Ujiji tunasalimiana sana, lakini Waha wametuzidi.

21 Novemba

Wamekaa kikao cha machela. Hapa mgonjwa akizidiwa hubebwa kwa fito mbili na blanketi hadi hospitali Kasulu, na kila nyumba lazima itoe bega. Asiyetoa hulipa pombe, au kuku kama si mnywaji. Melkiadi ndiye mkubwa wa kikundi. Amesimama akasema kwamba nyumba yetu isidaiwe bega mwaka huu. Gari la Bwana Gharibu, amesema, ndilo bega lake. Watu wakapiga makofi, na Gharibu akarudi nyumbani kifua mbele.

24 Novemba

Gari limepeleka mtoto wa degedege Kasulu. Amepona.

27 Novemba

Gari limepeleka bibi anayeumwa jino.

30 Novemba

Gari limepeleka bibi harusi na masanduku yake, na wajomba zake, na mbuzi wa wajomba. Mbuzi amekula kitambaa cha kiti.

3 Desemba

Baada ya Idd tumelala kidogo tu, wamekuja kuomba gari la kubeba maiti. Maiti hanyimwi. Gharibu ameenda, amerudi leo na springi moja imevunjika, matope hadi kwenye kioo. Hakula. Ameinama chini ya gari na tochi akahesabu hasara. Akaniambia, "Mama Tunu, kwa hawa nitawarudishia kaka zangu bodi tupu." Mabega ya watu huota ngozi ngumu, lakini bega letu ni la bati. Nilimhurumia. Kwa kweli nilimhurumia sana.

7 Desemba

Leo Gharibu amepata akili. Amefungua boneti alfajiri, amechomoa plagi zote nne, akazifunga katika leso na kuzizika ndani ya debe la unga wa muhogo jikoni kwangu. Akaniambia akija mtu nimwambie gari halina plagi. Nikamwambia huo ni uongo. Akasema, "Uongo uko wapi? Wafungue boneti watazame. Zimo?"

Nimecheka. Naandika hili nisije baadaye nikajifanya mtakatifu: nilicheka mpaka nikashika ukuta. Nilimwona mume wangu mjanja kuliko sungura. Mambo ya vipuri kila mtu anajua yalivyo adimu, nani atabisha?

Saa nne akaja mtu wa kwanza, kijana wa kutaka kupeleka magunia ya maharage. Gharibu alikuwa kazini kwake, kwenye ghala la mazao la kijiji. Nikasimama mlangoni nikasema gari halina plagi. Kijana akasema pole. Akaenda.

10 Desemba

Nimesema tena. Mtu wa jino, safari hii mwingine.

15 Desemba

Nimesema mara mbili, asubuhi na jioni. Nimegundua kwamba ninayesema ni mimi daima. Gharibu anarudi jioni na kuuliza tu nani kaja.

16 Desemba

Mvua kutwa.

22 Desemba

Jambo lililonisumbua ni hili. Hakuna hata mmoja aliyefungua boneti kutazama. Tulijiandaa kwa watu wabishi, tukajiwekea ushahidi, na wao wametosheka na neno letu. Wanasema pole, mwalimu, wanarudi mvuani walikotoka. Leo mama mmoja ameniletea kibaba cha maharage. Nikamuuliza ya nini. Akasema ni pole ya gari. Kwao aliyefikwa na hasara hupelekewa kitu, na yeye alikuwa anasikitika kuchelewa.

Nimeyapika. Tunu amekula akaomba ya pili. Nimempa sahani yangu.

2 Januari 1977

Machela ya kwanza ya mwaka imepita mbele ya nyumba. Mzee wa pumu. Wabebaji wanne fitoni, wengine nyuma wakingoja zamu, matope hadi magotini. Walipotufikia walipunguza mwendo wakatusalimu, mmoja akasema, "Poleni na gari." Kuku wetu walikuwa chini ya Moris, wakavu kabisa. Gharibu alikuwa ndani akivaa. Hakutoka mpaka wakapita.

3 Januari

Nimemwomba Gharibu azirudishe plagi. Amesema mvua ikipungua.

9 Januari

Melkiadi amekuja darasani mapema kabla ya wenzake. Nimeshazoea kumwona kama adhabu ya salamu, lakini leo hakupiga makofi mengi. Aliniomba nimwonyeshe plagi ni kitu gani hasa, maana watu wanaitaja kijijini kama vile wanaijua na yeye haoni haya kusema hajui. Nikamletea moja ya zile za zamani zilizokufa. Akaigeuzageuza, akapitisha kidole kwenye zile hesi zake, mizunguko ya kukazia, akauliza kama zote huwa na unene huo. Nikasema kwa gari letu ndiyo. Akaniomba aichukue.

Kisha akanieleza kwa nini. Binti yake Theodosia ana mimba, na mumewe yuko Tanga kwenye mkonge. Mwaka jana kipindi kama hiki alishikwa na uchungu, mtoto akakaa vibaya tumboni, wakambeba kwa machela. Mto ulikuwa umejaa, wakangoja maji yapungue mpaka mtoto akafia njiani. Mwaka huu tumaini lake lilikuwa gari letu, kwani kwa gari unazunguka kwa daraja la juu na kufika mapema. Atajifungua mwisho wa Februari.

"Gari linakosa vidude vinne tu," alisema. "Vidude vinne haviwezi kumshinda mtu mzima kuvitafuta."

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Tulikuwa wawili darasani, mvua inapiga bati, hakuna ambaye angesikia. Nilichosema ni kwamba plagi ni adimu sana. Wanafunzi wakaingia, nikageukia ubao nikaandika tarehe.

10 Januari

Nimemwambia Gharibu maneno yote ya Melkiadi. Ameahidi kwamba Februari ikifika katikati tutasema Isihaka kaleta plagi nyingine, na Theodosia atapelekwa kama malkia. Hapo kila mtu atakuwa amepona na hakuna aliyeaibika. Nimekubali. Nimeona ni mpango mzuri.

18 Januari

Nimesema tena. Hata Tunu ameanza kusema. Mgeni akipiga hodi, mtoto anatoka mbio: "Gali halina plagi." Watu wanacheka, wanamshika shavu. Ana miaka mitatu na ndiyo sentensi yake ndefu kuliko zote.

29 Januari

Jua kidogo. Nimeanika unga. Nimelitoa lile furushi la leso na kulirudisha, kama mtu anayeweka nyoka kitandani kwake.

5 Februari

Redio imesema kutwa: TANU na Afro-Shirazi vimeungana, kimezaliwa chama kipya. Ngoma ofisini kwa mwenyekiti. Betri zikaisha katikati ya hotuba.

10 Februari

Melkiadi amekuja kuaga. Kesho anakwenda Kibondo kwa baiskeli. Mjane wa mpwa wake ameolewa upya na Mrundi mmoja mkimbizi, Havyarimana, anayetengeneza magari huko, na amesikia kwamba mtu huyo huokota plagi kwenye magari yaliyokufa na kuzisafisha. Anachukua ile plagi yetu ya mfano, na anamchukua mbuzi wake wa maziwa akabadilishane. Alikuwa anatueleza kwa furaha, kama mtu aliyetuandalia zawadi.

Gharibu alikuwepo. Nilimtazama. Nilimtazama mpaka nadhani hata Melkiadi aliona. Njia ya Kibondo sasa hivi ni tope tupu, baiskeli mtu huisukuma zaidi ya kuipanda. Nikamwambia Melkiadi asubiri kidogo, pengine shemeji ataleta. Akasema shemeji ameshatusaidia vya kutosha, sasa ni zamu ya majirani.

Alipotoka tumegombana. Nimemwambia Gharibu amfuate hapo hapo barabarani. Akasema amfuate aseme nini? Kwamba plagi zipo kwenye unga tangu kabla ya Krismasi? Watu wamepita hapa na wagonjwa mabegani, tumewaona, tumepokea maharage yao. Akasema tukisema leo hatuwezi kuishi Makere. Halafu akasema kwa sauti ndogo kwamba pengine Melkiadi hatazipata, na akirudi mikono mitupu tutazitoa zetu tuseme Isihaka.

Nilidhani nimeolewa na mtu mjanja. Leo nimeona ni mwoga tu, na woga wake ameuficha jikoni kwangu. Lakini miguu ninayo na mimi. Nyumba ya Melkiadi ni ng'ambo ya barabara, ningeweza kwenda. Nimekaa hapa naandika.

11 Februari

Ameondoka alfajiri. Mbuzi alifungwa nyuma ya baiskeli ndani ya gunia, kichwa nje. Nilichungulia dirishani.

12 Februari

Mvua.

13 Februari

Mvua. Sijaonana na mtu.

15 Februari

Naandika mambo ya jana. Mkono bado unanuka petroli.

Asubuhi ya jana Gharibu alikwenda ghalani. Mimi nilikuwa napepeta mchele pale barazani, mvua nyembamba inanyesha, nikamwona Philomena, mke wa Melkiadi, anavuka barabara bila hata kujifunika. Nikajua. Theodosia alikuwa ameshikwa na uchungu tangu usiku, kabla ya wakati wake, na mkunga amemshika tumbo akasema mtoto amekaa vibaya kama yule wa kwanza.

Hakuja kuomba gari. Hilo ndilo linaloniuma hadi sasa. Nilijiandaa kusikia neno gari, na yeye hakulitaja kabisa. Alisimama pale mvuani akasema kwa adabu zote, "Mwalimu, wanaume wamepungua, mzee hayupo. Tunaomba leo Bwana Gharibu atupe bega, kwa kuwa gari ni bovu."

Alikuwa anaomba radhi kwa kutuomba. Kikao kilitusamehe bega, na yeye alikuwa anaona haya kulidai.

Niliingia jikoni na yeye akanifuata, nadhani alidhani nakwenda kuchukua khanga. Nikapiga magoti mbele ya debe, nikaingiza mkono kwenye unga hadi kwenye kiwiko, nikalitoa furushi. Leso ilikuwa imelegea. Plagi zilikuwa nyeupe kwa unga. Philomena alizitazama. Wanawake wa Makere wote sasa wanajua plagi inafananaje, Melkiadi ameitembeza ile ya mfano kila nyumba.

"Zilikuwa humu?" aliuliza.

"Zilikuwa humu."

Ningependelea anipige kofi. Alichukua mbili mkononi mwangu, akaanza kuzifuta unga kwa upindo wa nguo yake, haraka haraka, akipuliza kwenye ncha. Nami nikafuta zangu. Tukatoka.

Nilifungua boneti. Sijawahi kufunga plagi maishani mwangu, nimeshika sinia tu. Philomena alivua khanga ya mabegani akaitanda juu ya injini kuzuia mvua, mikono yake miwili juu, maji yakimtiririka kwenye makwapa. Ya kwanza ilikataa kushika hesi. Nilikuwa nailazimisha. Nikaitoa, nikakumbuka Gharibu alivyokuwa akizungusha kwa vidole tu kama anafunga chupa, nikafanya hivyo, ikaingia laini. Ya pili, ya tatu, ya nne. Spana kidogo. Nikageukia waya, nikaona nyuzi mbili za katikati zimeliwa na panya, hakuna rangi. Nikabahatisha. Nikaingia ndani ya gari nikawasha.

Lilipiga mlio kama bunduki na moshi ukatoka. Watu wakachungulia kutoka kila nyumba. Nikarudi kwenye boneti nikabadilisha zile waya mbili za katikati. Mikono ya Philomena ilikuwa bado juu. Nikawasha tena. Moris ikanguruma, ikatulia, ikawaka vizuri sana. Sijawahi kusikia gari likiwaka vizuri namna ile. Lilisikika kijiji kizima.

Kufikia hapo uani palikuwa pamejaa watu. Wabebaji walikuwa wamefika na fito zao na blanketi, tayari. Walisimama wakalitazama gari. Gharibu alitokea ghalani anakimbia, amesikia mlio, akakuta watu wote wale na mimi na unga mpaka kwenye nywele. Alitazama unga huo na hakuhitaji kuuliza. Wabebaji walimleta Theodosia, wakamlaza nyuma juu ya blanketi la machela, wakafunga ile milango ya mbao kwa upole. Gharibu akashika usukani. Philomena akaingia upande wa kichwa cha mwanawe, mimi nikabanwa mlangoni. Njia nzima hadi Kasulu kilichosikika ni Theodosia.

Wamempasua jioni. Mtoto wa kiume, yuko hai. Mama yuko hai, ila atakaa wodini wiki kadhaa.

Muuguzi alipotuambia, Philomena alilia, akamshika mkono muuguzi, akamshika mkono mfagiaji wa pale wodini. Mimi nilikuwa katikati yao.

16 Februari

Mlangoni hakuna hodi.

17 Februari

Melkiadi amerudi. Habari ameipata njiani, kwa kila mtu aliyepishana naye. Ya mjukuu, na ya debe. Nilidhani hatakuja kwetu. Amekuja kabla ya kufika kwake, baiskeli ina matope mpaka kwenye usukani, nyuma hakuna mbuzi. Alisema amahoro mara moja tu, hakupiga makofi, wala hakuuliza kuku. Zile salamu nilizokuwa nazilaani miezi yote hii, leo ningetoa chochote aziseme.

Akatoa plagi nne zilizofungwa kwa majani makavu ya mgomba. Zilikuwa za zamani lakini zimesuguliwa zikang'aa.

Gharibu alianza kusema. Alisema mengi: urithi, kaka zake, springi, akasema atamnunulia mbuzi mwingine, wawili akitaka. Melkiadi alimwacha amalize.

"Mbuzi alikuwa wangu, usimlilie," alisema. "Zifunge nione."

Gharibu akasema gari lina plagi nzuri sasa, hizi tuziweke akiba. Melkiadi akasema ametembea nazo kutoka Kibondo akijiuliza zinavyofungwa.

Basi Gharibu alitandika lile jamvi lake uani. Akachomoa waya, akafungua plagi zetu mpya moja baada ya nyingine, akafunga zile za Melkiadi. Watu walikuwa wanapita barabarani, wengine walisimama. Hakuna aliyeingia uani. Spana ikamponyoka ikaanguka kwenye tope, akaiokota akaifuta kwenye suruali. Mimi nilishika sinia. Nilimtazama kisogo chake kilichoinama nikaona si mjanja na si mwoga kuliko mimi. Alichimba shimo, mimi nikalifunika kila siku kwa mdomo wangu pale mlangoni, na kwa kicheko changu siku ya kwanza.

Gari likawaka, likikohoa kidogo. Melkiadi alisikiliza, akatingisha kichwa, akachukua baiskeli yake akavuka barabara.

24 Februari

Darasani wamekuja wote, Philomena pia. Wameandika vizuri. Kipindi kilipokwisha wameaga mmoja mmoja. Hakuna aliyebaki kuzungumza.

28 Februari

Mchana mtu amevunjika mguu akibomoa nyumba. Machela imepita. Gharibu ametoka mbio akasema gari zima, lipo, linawaka. Wamemshukuru. Wamesema wameshaanza safari. Amewafuata hadi mwisho wa kijiji akiomba hata kushika fito. Wamesema zamu zimejaa.

1 Machi

Gharibu halali. Amesema tuombe uhamisho. Nimemwambia tukihama, huko tuendako sisi ni akina nani? Wale wale.

6 Machi

Jana tumesikia kwamba Theodosia ameruhusiwa. Leo mapema tumeondoka na Moris kwenda kumchukua, bila kuulizwa na mtu. Nimetandika godoro la Tunu nyuma, nimeweka uji kwenye chupa ya chai. Gharibu alivaa koti. Mvua ilikuwa imekatika.

Hatukufika Kasulu. Tulipokwisha pita nusu ya njia, kwenye ule mteremko wa migomba, tumekutana nao wanakuja. Walikuwa wameondoka kijijini jana usiku kwenda kumchukua, na sasa wanarudi naye. Theodosia juu ya machela, mtoto kifuani amefunikwa, Philomena pembeni ameshika mwavuli wa majani, Melkiadi fito ya mbele. Gharibu akasimamisha, akashuka, akafungua milango yote miwili ya nyuma. Godoro lilionekana wazi.

Philomena alikuja hadi dirishani kwangu. Alinisalimu vizuri. Akasema, "Asanteni sana, mwalimu. Tumekaribia."

Wao walikuwa bado hawajafika hata nusu ya njia ya kurudi. Wakapita.

Gharibu aligeuza gari. Ingekuwa rahisi kuwapita na kurudi nyumbani, lakini kuwapita tulishindwa. Tungepitaje, tuwarushie tope? Tukafuata nyuma, gia ya kwanza, mwendo wa miguu. Wao wakibadilishana mabega tunasimama, wakiinua tunaenda. Hakuna aliyegeuka. Jua likatoka. Nilikuwa naona mgongo wa Melkiadi, shati limeganda kwa jasho, na ule mto mdogo wa majani alioweka begani chini ya fito.

Baada ya muda mrefu hivyo injini ikaanza kukohoa. Ni zile plagi, mwendo wa kutambaa huzijaza masizi. Likatikisika, likazima. Gharibu akajaribu, akajaribu tena, betri ikafifia. Akaweka kichwa kwenye usukani. Nikaona itabidi mimi niende kuwaambia.

Nilishuka. Wao walikuwa wameweka machela chini kwenye kivuli, wanabadilishana. Kimya cha injini kilikuwa kimewafanya wageuke hatimaye. Nikasimama katikati ya barabara nikasema kwa sauti kwamba gari limezima, halitaki kuwaka, ni plagi. Nilisikia maneno yenyewe yakitoka kinywani mwangu nikatamani ardhi inimeze. Nyuso zote zile zilinitazama. Hapakuwa na mtu aliyesema pole.

Melkiadi aliondoka kivulini akaja. Hakuwa na hasira, alikuwa amechoka tu.

"Safari hii kweli?" aliniuliza.

"Kweli, mzee."

Alinipita, akaenda mbele ya Moris, akatafuta kwa vidole mahali pa kufungulia. Gharibu alitaka kushuka kumsaidia, nikamzuia kwa mkono. Boneti ikafunguka. Melkiadi akainama, akagusa plagi moja moja, akivuta kila waya kidogo kuhakikisha umekaa juu ya kitu. Alifanya polepole. Sikumlaumu. Nilisimama pembeni nikamngoja.

Akafunga boneti, akafuta masizi kwenye suruali yake, akawageukia wenzake kivulini.

"Zimo," akawaambia.

Ndipo wakatupa pole.